Pikipiki ya Marehemu Mwinjilisti



Mara nyingi watu hutuuliza swali moja, nao huliuliza huku wakiitazama mikono yetu: "Mwalimu, kazi yako ni chaki na vitabu, mafuta haya machafu yametoka wapi?" Sisi hucheka tu tukapita, kwa maana jibu lake ni refu, halifai kutolewa njiani. Leo tumepata nafasi katika gazeti letu, basi tutalieleza jambo hili toka mwanzo wake, pamoja na aibu iliyotupata ndani yake. Kama tungaliificha aibu ile, habari yenyewe isingalifaa kuandikwa.

Kazi yetu ya mapumziko ni kufufua pikipiki ndogo zilizokwisha kutupwa. Wako watu wapandao maua, wako wafugao njiwa. Sisi kila Jumamosi, baada ya kazi ya shamba, twafungua banda lililo nyuma ya nyumba tukakaa kati ya vyuma. Hapa Njombe baridi ya Juni na Julai ni kali, hata spana ikishikwa asubuhi huuma vidole. Walakini mtu aipendaye kazi yake haoni baridi upesi.

Pikipiki ndogo tunazozitaja ni zile ambazo injini yake ni ya sentimita za ujazo 50 hivi, yaani nafasi ile ipitayo pistoni haizidi robo ya kikombe cha chai. Mwaka 1958 kampuni ya Honda ya Ujapani ilianza kuuza pikipiki ya namna hiyo iitwayo Super Cub. Haina klachi ya kushikwa kwa mkono. Mtu hubadili gia kwa mguu tu, na fremu yake imeinama katikati, hata aliyevaa gauni aweza kuipanda bila taabu. Mwaka 1961 kampuni ile ile iliunda nyingine ndogo zaidi, ya kuchezea watoto katika bustani ya michezo huko Tokyo, magurudumu yake ni ya inchi 5 tu. Katika hiyo ilitoka pikipiki iliyoitwa Monkey, maana yake kima, iliyoanza kuuzwa kwa watu wa Ujapani mwaka 1967. Kwa kuwa mtu mzima akiipanda, magoti humpanda juu akafanana na kima juu ya tawi. Watu wa nchi nyingi hata leo huzikusanya, huzitengeneza na kuzipaka rangi upya kwa kujifurahisha tu. Na ile Super Cub pamoja na ndugu zake, ilipofika mwaka 1967 zilikuwa zimekwisha kuenea duniani, na ilipofika mwaka 2017 zilikuwa zimetimia milioni 100.

Hata katika vilima vyetu zilifika. Tulipokuwa watoto twaikumbuka sauti ya moja, ya mwinjilisti wa upande wetu. Tulipoisikia ng'ambo ya bonde tulijua ya kuwa amekuja, nasi tukakimbia kwenda kumlaki, kabla mtu ye yote hajamwona. Kisha zikaja pikipiki za Uchina na Uhindi, zenye injini za 125 na 150, ambazo vijana huzifanyia kazi ya bodaboda, na zile ndogo zikawekwa nyuma ya nyumba. Nyingine ziliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Mwaka 2019 tulikwenda kumwamkia mjane wa mwinjilisti yule. Tukamsalimu, "Kamwene, Mama," naye akatukaribisha ndani karibu na moto. Tulipotoka tukaona kitu karibu na kibanda cha kuku, kimefunikwa gunia, na juu ya gunia kuku anaatamia. Tukauliza. Akasema, "Ni ile ya marehemu. Tangu alipofariki mwaka 2005 haijawashwa. Nimekataa kuiuza kwa watu wa vyuma, lakini sijui naiwekea nini."

Tukamwomba atupe tujaribu kuifufua. Akafikiri sana, kisha akasema, "Mwalimu, sitaki fedha yako. Siku itakapowaka, niletee hapa niisikie. Macho yangu yamekuwa mabovu, lakini masikio bado ninayo." Tukaahidi. Tukamwondoa kuku pole pole, tukampa mahali pengine pa kuatamia, tukaisukuma pikipiki ile hata nyumbani, sisi na kijana wa dada yetu, ambaye wakati ule alikuwa akikaa kwetu kwa ajili ya masomo.

Wasomaji wengine watapenda kujua kazi hii inavyofanywa. Kwanza tulitandaza turubai, tukakifungua kila kitu na kukipanga kwa taratibu ya kufunguliwa kwake, na kijana akaandika yote katika daftari: skrubu hii imetoka hapa, wosha hii imetoka pale. Mtu asiyeandika, wakati wa kufunga hubaki na skrubu tatu mkononi, wala hajui zimetoka wapi. Pistoni ilikuwa imeshikamana na silinda kwa kutu. Hatukuigonga kwa nguvu. Tulimimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kupitia tundu la plagi, tukaacha siku sita, ndipo tukaigonga polepole kwa kipande cha mti, ikakubali. Tangi la mafuta lilikuwa limejaa kutu ndani. Tukatia kokoto safi na mafuta ya taa, tukalitikisa kwa zamu kama mtu asukaye maziwa katika kibuyu, hata kutu ikatoka. Waya zilikuwa zimeliwa na panya. Tandiko lilishonwa upya na fundi wa viatu.

Katika kazi hiyo tuliwakumbuka wazee. Katika nchi ya Wapangwa, upande wa Ludewa, ambako vilima vya Liganga vimejaa mawe ya chuma, watu wa zamani walijua kuyeyusha mawe katika tanuru na kufua majembe. Chuma kilichopatikana kwa jasho namna ile hakikutupwa. Jembe lililochakaa lilirudi motoni likawa kitu kingine. Basi sisi tukitengeneza kilichoharibika hatuigi ugeni, twafuata desturi ya wazee wetu. Tena Maandiko yatueleza habari za Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza roho wake apate kuwa fundi wa dhahabu, shaba na mbao. Mtu asidharau kazi ya mikono.

Sasa tufike kwenye shida. Pikipiki ile ilikosa kitu kimoja kikubwa, nacho ni kabureta. Kabureta ndiyo ichanganyayo petroli na hewa kabla ya kuingia katika injini, na pasipo hiyo chombo ni kama mtu asiye na koo. Katika Njombe hatukuipata ya kiasi chetu. Ndipo tukapanda gari kwenda Makambako.

Makambako ni mji wa njia panda. Kutoka Njombe ni kilomita 60 hivi kwa barabara ya Songea. Hapo hukutana barabara ile na barabara kuu iendayo Zambia, tena hapo pana stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa toka mwaka 1970 hata 1975 kwa msaada wa Wachina, urefu wake kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Mahali pa namna hiyo bidhaa za kila pande hupita, na watu wa kila tabia hupita pamoja nazo. Katika duka tuliambiwa kabureta mpya ni shilingi 45,000. Tulikuwa na 20,000. Tulipokuwa tukitoka, kijana mmoja alitufuata nyuma, akatutolea kabureta katika mfuko wa nailoni, akasema, "Mzee, hii ni ya aina yako hasa, toa 15,000 tu."

Tuliitazama, ilikuwa kuukuu lakini nzima. Skrubu moja ya chini haikuwa yake, ilikuwa ya shaba ya njano, kama zile za taa ya karabai. Hatukumwuliza ameipata wapi. Kusema kweli, swali hilo lilifika mpaka ulimini, nasi tukalimeza. Kwa kuwa tuliogopa jibu lake. Tukatoa fedha, tukapanda gari, tukarudi kwetu tukifurahi.

Injini iliwaka siku ya tatu. Kijana wetu aliruka ruka uani, na majirani wakaja kutazama. Tukaifunga ile ngao ya mbele ikingayo miguu isipigwe na matope, nayo huificha kabureta, isionekane. Tukapeleka habari kwa Mama mjane ya kuwa Jumapili baada ya ibada tutamletea.

Jumamosi jioni, siku moja kabla ya ahadi, akaja mtu mmoja bandani kwetu. Ni baba wa kijiji cha pili, ambaye kazi yake ni kukusanya maziwa kwa wafugaji na kuyapeleka mjini kwa pikipiki kuukuu ya aina ile ile. Akasema, "Mwalimu, nimesikia unazo spea za hizi ndogo. Natafuta kabureta. Nililala Makambako, nikaiacha pikipiki nje ya nyumba ya wageni, asubuhi nikakuta wameing'oa. Sasa ni wiki ya tano naenda kwa miguu, maziwa ya wafugaji wa mbali yanaharibika, nao wameanza kumpa mtu mwingine." Kisha akaongeza, akiuweka mkono wake juu ya tandiko la pikipiki yetu, "Ile yangu hata gizani ningaliijua. Skrubu yake moja niliitoa katika karabai ya baba yangu."

Wasomaji, hapo ndipo aibu yetu ilipo. Tulimwambia hatuna. Maneno hayo yalitoka upesi, kabla hatujayapima. Akashukuru, akatuaga, akaenda zake gizani. Kabureta yake ilikuwa chini ya mkono wake, mbali naye kwa shibiri mbili, nasi tulimwacha aende.

Kijana wetu alikuwa ameshika taa. Hakusema neno. Wakati wa chakula cha usiku alikula kidogo, akanawa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, kesho tutakwenda kwa Mama na kabureta ya yule baba?" Hakuuliza kwa ukali, wala hakutulaumu. Aliuliza kama mtoto aulizaye kama kesho kuna shule. Mke wetu akaliweka chini bakuli alilolishika, akatutazama, akaondoka kwenda jikoni.

Usiku ule tulitafuta maneno ya kujitetea, nayo yalikuwa mengi. Tulisema moyoni: sisi hatukuiba, tulinunua. Tukasema: Mama mjane ni mzee, macho yanapungua, huenda asifike mwezi ujao, na ahadi kwa mjane ni kitu kikubwa. Tukasema: kwanza tumpelekee pikipiki aisikie, ndipo Jumatatu tuirudishe kabureta. Neno hili la mwisho lilikuwa zuri kuliko yote, na kwa hiyo lilikuwa la hatari kuliko yote. Maana kama tungalikwenda hivyo, tungalimpa mjane wa mtumishi wa Mungu sauti iliyoibwa, na kijana angalikuwa amekaa nyuma yetu akijua.

Kabla ya mapambazuko tukaamka, tukamwamsha kijana, akashika taa tena. Tukaifungua ngao, tukaifungua kabureta, tukaifuta vizuri, tukaifunga katika kitambaa. Tukatembea mpaka kijiji kile, na umande umejaa njiani. Tulimkuta yule baba akifunga madumu ya maziwa juu ya baiskeli ya kuazima. Tukampa. Akaifungua, akaigeuza, akaiona skrubu ya njano, akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Jana ulikuwa nayo, Mwalimu?" Tukakiri ya kuwa tulikuwa nayo, tukamweleza yote: kijana wa Makambako, bei yake, na swali tulilolimeza.

Tulikuwa tumechukua shilingi 30,000 tulizokopa kwa jirani, tukampa kwa ajili ya hasara yake. Alizipokea zote, wala hakutubembeleza tubaki nazo. Nasi twaona alifanya haki, kwa kuwa Zakayo naye hakungoja kusamehewa fidia yake. Akatukaribisha maziwa ya moto. Tuliyanywa, ingawa yalikuwa magumu kupita kooni. Baada ya siku mbili tulikwenda polisi Makambako tukaandikisha maelezo, lakini yule muuzaji hakuonekana tena.

Baada ya ibada tulikwenda kwa Mama kwa miguu. Alikuwa amekaa nje juani, amevaa kitenge kizuri, anangoja. Aliposikia hatua za miguu tu, akajua. Tukamweleza, naye akasikiliza hata mwisho. Akasema, "Miaka kumi na minne imenyamaza, Mwalimu. Acha inyamaze hata mavuno." Hakutusifu, wala hakutukemea.

Tulivuna viazi, tukauza, tukalipa deni la jirani kwanza, kisha tukarudi katika duka la Makambako, tukanunua kabureta mpya kwa shilingi 45,000, tukapewa risiti. Kijana akaibandika risiti ile katika daftari lake. Basi hesabu yetu ni hii: ile ya 15,000 pamoja na fidia ilitugharimu 45,000, kisha hiyo mpya 45,000, jumla 90,000. Wahenga walisema kwamba rahisi huwa ghali, nasi tuliisoma methali hiyo kwa fedha yetu wenyewe.

Hata hiyo mpya haikuwaka vizuri mara moja. Injini ilitoa moshi mweusi, na plagi ilikuwa na masizi. Sababu yake ni nchi yetu kuwa juu. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na huku hewa ni nyepesi, hata kanieneo yake ni kama sehemu nne katika tano za ile ya Dar es Salaam. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani huku hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Tukaweka tundu dogo zaidi la kupitisha petroli, tukairekebisha skrubu ya hewa, na tulipoichomoa plagi tena tukaikuta ina rangi ya kahawia, kama mkate uliookwa vema. Hiyo ndiyo rangi itakiwayo.

Tulipokwisha kupata bima na kukamilisha mambo ya namba na leseni, tuliipeleka kwa Mama. Tukaipiga kiki mbele ya mlango wake, ikawaka mara ya pili. Akainamisha kichwa, akasikiliza kwa makini kama mwalimu amsikilizaye mtoto asomaye. Kisha akasema, "Ya marehemu ilikuwa ikikohoa. Hii haikohoi." Akacheka, akajifuta macho kwa pembe ya kitenge, akasema, "Izimeni sasa, mnawatisha kuku wangu."

Toka siku ile tumefufua mbili nyingine, na kijana wetu ameanza kuunda moja ndogo kabisa kwa mabomba ya chuma na injini ya pampu ya maji, ya kuendeshwa uwanjani tu, si barabarani. Basi kwa wale watakaopenda kazi hii twatoa mashauri machache.

Kwanza, usinunue spea ambayo muuzaji wake hawezi kukuambia imetoka wapi. Daftari lako liwe na risiti kama lilivyo na michoro.

Pili, usiwashe injini ndani ya nyumba au banda lililofungwa kwa sababu ya baridi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo humwua mtu kama usingizi. Ndivyo ilivyo hata kwa jiko la mkaa.

Tatu, petroli na taa ya moto visikutane. Sisi siku hizi twatumia tochi.

Nne, mtoto asipande bila kofia ngumu, hata uwanjani, hata mara moja ya kujaribu.

Tano, umchukue kijana mmoja awe pamoja nawe katika kazi. Mwache afungue, aandike, akosee, afunge tena. Lakini ujue ya kuwa macho yake hayatazami spana yako tu.

Hayo ndiyo majibu yetu kwa wale watuulizao habari za mikono yetu. Mafuta huondoka kwa sabuni na majivu. Mungu awabariki katika kazi zenu zote.